Binti yangu ameacha PCB akachagua Lishe. Nimhamishe?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mkazi wa Singida. Nina mashine ya kukamua alizeti, si kubwa, lakini ndiyo inayosomesha watoto wangu. Binti yangu wa kwanza amemaliza kidato cha nne na kapata daraja la kwanza: Biolojia A, Kemia B, Fizikia C. Miaka yote minne nimekuwa nikiwaambia watu kwamba huyu ni daktari. Fomu ya tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano, tulijaza pamoja, tukaweka PCB: Fizikia, Kemia na Biolojia. Kumbe dirisha la kubadilisha lilipofunguliwa, aliingia mwenyewe kwenye mfumo kwa simu ya mama yake akaweka CBN, yaani Kemia, Biolojia na Lishe. Mimi nimekuja kujua siku majina yalipotoka.

Nilipomuuliza, akasema anataka kwenda SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kusomea mambo ya lishe na familia. Kwamba hiyo ni sayansi kimu. Mwalimu, sayansi kimu naijua. Enzi zetu wasichana walikuwa wakiingia darasa lile na vitambaa vya kudarizi, sisi wavulana tunapelekwa shambani, na harufu ya maandazi ikitoka tunasogea dirishani. Mdogo wangu ndiye kanimaliza kabisa: "Kaka, umekamua alizeti miaka yote hii mtoto akajifunze kusonga ugali? Si angekaa na mama yake, bure kabisa!"

Mama yake yuko upande wa mtoto. Yeye hana kazi, yupo nyumbani tu, na mchana huwapikia vibarua wangu wa mashineni, kwa hiyo naona anatetea jiko lake. Na binti mwenyewe ameshaanza kunisomesha. Juzi kanikuta nimepanga chupa na madumu ya mafuta kando ya barabara, kama tunavyofanya wote huku, akasema jua linaharibu mafuta. Mteja anavutwa na mafuta yanayong'aa juani, halafu mtoto ananifundisha biashara!

Kuna shule ya binafsi iko tayari kumpokea PCB. Ada yake ni nzito, lakini nitauza ng'ombe. Nieleze bila kunificha: taaluma hiyo ina nini ndani yake? Ina kazi? Nimhamishe?

Baba wa Watatu, Singida

JIBU

Marahaba, baba. Hongera kwa daraja la kwanza, maana barua yako imelipita haraka sana.

Nianze na lile litakalokuuma, ili tusizungushane. Binti yako akisoma CBN, udaktari wa binadamu hataupata kwa njia ya moja kwa moja. Mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, unataka Fizikia, Kemia na Biolojia kwa shahada hiyo, na CBN haina Fizikia. Kwa hiyo kabla hujauza ng'ombe hata mmoja, mkalishe umuulize swali moja tu: "Wewe mwenyewe unataka kuwa daktari?" Usimuulize kama anakupenda, wala kama anajua ulivyohangaika. Akijibu ndiyo, basi alichagua bila kuelewa, na ni haki yake na yako kurekebisha mapema. Akijibu hapana, ng'ombe wako wabaki zizini. Mtoto aliyepata C ya Fizikia na A ya Biolojia, kisha akasukumwa PCB asiyoitaka, mara nyingi hurudi na matokeo yasiyomfikisha kwenye udaktari wala kwenye kile alichokuwa anakitaka.

Uuguzi ni habari nyingine. Huko vipo vyuo vinavyokubali Lishe ikae mahali pa Fizikia. Pakua mwongozo wa TCU wa mwaka huu, upo mtandaoni, usome na binti yako ukurasa kwa ukurasa. Usiridhike na maneno ya jirani, na hata haya yangu.

Sasa nije kwenye hiyo taaluma ya sayansi kimu, yaani sayansi ya chakula, nyumba na familia, maana ulichokiona dirishani ukiwa kijana ni kweli, ila kilikuwa kipande kidogo.

Mtu anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake ni Ellen Swallow Richards, Mmarekani. Alikuwa mkemia, mwanamke wa kwanza kukubaliwa katika chuo cha MIT, na alihitimu mwaka 1873. Kazi yake ilikuwa kupima maji, hewa na vyakula vilivyoghushiwa madukani. Kuanzia 1899 yeye na wenzake walikuwa wakikutana Lake Placid, jimbo la New York, kujadili namna ya kuipeleka sayansi ndani ya nyumba za watu wa kawaida, na mwishoni mwa 1908 wakaunda chama chao cha kitaifa. Kilichotufikia sisi kupitia shule za misheni na za kikoloni kilikuwa kimepunguzwa makali: mtoto wa kike afundishwe usafi, kufuma, kuoka keki ambayo kwao hakuna jiko la kuiokea, awe mke wa karani. Baada ya Uhuru, mchepuo wa sayansi kimu uliwekwa kwenye sekondari pamoja na kilimo, biashara na ufundi, lakini wavulana wakaendelea kutumwa shambani kama wewe. Hivyo kejeli ya mdogo wako haikuzuka hewani. Kizazi kizima kilimaliza shule kikiamini sayansi kimu ni vile vitambaa vya kufuma vinavyotandikwa juu ya makochi.

Tuanze na lishe, kwa kuwa ndiyo aliyoichagua.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya utapiamlo wa muda mrefu. Ukiambiwa utaje mikoa inayoongoza, bila shaka utataja mikoa ya ukame, pengine na Singida yenu. Inayoongoza ni Iringa, ambako zaidi ya nusu ya watoto wamedumaa, ikifuatiwa na Njombe na Rukwa, karibu nusu. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi. Ghala limejaa na mtoto amedumaa, katika nyumba hiyo hiyo. Daktari atamwona mtoto yule siku akiugua. Bwana shamba atakuja kuongeza magunia. Mtu anayepaswa kueleza kinachotokea katikati, kati ya gunia na mdomo wa mtoto, ni mtaalamu wa lishe, yule ambaye binti yako anataka kuwa.

Na kinachotokea hapo katikati ni mambo mengi kwa pamoja: mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto anaachiwa uji wa mahindi matupu, anakula mara mbili kwa siku, maji si salama, anaharisha, kile kidogo alichokula kinatoka.

Chukua huo uji peke yake. Ukiupika mzito, mtoto wa miezi minane hawezi kuumeza. Ukiupika mwepesi, anashiba maji, maana tumbo lake ni dogo mno. Mama zetu wanaongeza maji, na kwa macho wanaona mtoto ameshiba. Miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe, ile iliyoanzishwa mwaka 1973, waliligeukia jambo ambalo wapika pombe wa huko kwenu wanalijua tangu zamani: kimea, yaani nafaka iliyochipuzwa, ikakaushwa na kusagwa. Unapika uji mzito kabisa, karibu na ugali, unauacha upoe kidogo, unatia kijiko cha unga wa kimea cha ulezi na kukoroga. Baada ya dakika chache uji unalegea mbele ya macho yako, unamiminika, na hujaongeza tone la maji. Kisha unaurudisha motoni uchemke. Nafaka inapochipua hutengeneza vimeng'enya vinavyokatakata wanga, na wanga uliokatwa haushiki tena maji kwa nguvu. Mtoto anakunywa kikombe kile kile, lakini ndani yake kuna chakula kingi zaidi. Hiyo ni kemia, baba, na ni biolojia. Binti yako ataisoma darasani, kisha atatakiwa aieleze kwa mama mmoja aliyechoka, jioni, kuni zikiwa mbichi. Sehemu hii ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo inayoitofautisha taaluma hii na kemia ya maabara.

Usalama wa chakula nao umo humo. Mwaka 2016, jirani zenu wa Dodoma na Manyara walipoteza watu kwa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Na wapo akina mama wanaonunua kwa bei kubwa kile kinachoitwa unga wa lishe, mchanganyiko wa nafaka na karanga ambao hawajui ulihifadhiwa wapi, wakidhani ndiyo mapenzi kwa mtoto. Mimi unga huo unanikera kuliko ninavyoweza kueleza hapa.

Kuhusu mafuta yako, binti amesema kweli. Mwanga na joto huyachachisha mafuta ya alizeti, na chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, ikiwa juani, inayapa vyote viwili. Tena kanuni za nchi, tangu mwaka 2011, zinataka mafuta ya kula ya viwandani yaongezwe vitamini A, na vitamini hiyo huharibiwa na mwanga vibaya sana. Siku utakapotaka kuvuka barabara hiyo na kuingiza mafuta kwenye maduka makubwa, utaulizwa alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango), lebo, tarehe ya mwisho ya matumizi, namna unavyoyahifadhi. Mtu wa kukujibia maswali hayo yumo nyumbani mwako na hadai mshahara. Kwa sasa weka chupa moja tu mbele kama kielelezo, iwe inabadilishwa, nyingine zikae kivulini.

Eneo la pili ni usimamizi wa rasilimali za familia, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ya sentensi moja kwenye barua yako.

Umeandika kwamba mama yao "hana kazi, yupo nyumbani tu, na mchana huwapikia vibarua". Mwaka 1934 mchumi mmoja aliyefanya kazi Marekani, Margaret Reid, alitoa kipimo chepesi cha kujua lipi ni kazi na lipi ni mapumziko ndani ya nyumba: je, ungeweza kumlipa mtu mwingine akufanyie? Kulala hakuna atakayekulalia. Kupika, kufua, kuchota maji, kumwangalia mtoto, vyote vina bei. Sasa wapime vibarua wako kwa kipimo hicho. Mkeo akisafiri kwa mwezi, utamwita mama lishe. Atakuuliza watu wangapi, wali au ugali, nyama mara ngapi kwa wiki, mkaa wa nani, kisha atataja bei ya sahani. Izidishe kwa watu, uizidishe kwa siku. Hiyo ni gharama ya uzalishaji wa mafuta yako ambayo hujawahi kuiandika kwenye daftari la mashine. Kwa maana hiyo hujui faida yako halisi. Unajua faida yako ukijumlisha na mshahara wa mkeo ambao hukumlipa. Huyo unayesema anatetea jiko lake ana haki ya kulitetea.

Wanafunzi wa eneo hili hufundishwa kuichambua bajeti ya nyumba namna hiyo: pesa, muda, nguvu za mtu, kuni, maji, vyote kama rasilimali. Wanasoma kwa nini maskini hununua ghali, kwa mfano yule anayenunua mafuta ya kupimiwa kwenye kifuko kila jioni, ambaye mwisho wa mwezi amelipa zaidi ya mwenye dumu. Wanasoma mikopo, vikoba, akiba, na haki za mlaji: namna ya kusoma lebo, mahali pa kulalamika ukiuziwa kitu kibovu. Pale SUA shahada ya zamani ya sayansi kimu na lishe ilikuja kugawanywa, sasa kuna ya Lishe ya Binadamu na kuna ya Masomo ya Familia na Mlaji. Muulize binti anataka ipi. Akijua tofauti, utajua kwamba hakubahatisha.

Maeneo mengine nayataja kwa ufupi. Kuna malezi na makuzi ya mtoto, uhusiano ndani ya familia, utunzaji wa wazee, ambayo yana soko linalokua kwa sababu wazazi wa mijini wote wawili wanaondoka asubuhi na vituo vya kulea watoto vinaongezeka kuliko watu waliosomea kuviendesha. Kuna nguo na mavazi: nyuzi, vitambaa, rangi, kukata na kushona kwa vipimo. Sehemu kubwa ya pamba ya Shinyanga na Simiyu inaondoka nchini haijawa hata uzi, wakati sisi tunavaa mitumba, hivyo sitamcheka anayesomea kitambaa. Na kuna makazi: mpangilio wa nyumba, hewa, mwanga, moshi wa jikoni unaokohoza watoto wadogo na bibi zao. Sehemu hii huku kwetu imeachwa nyuma, wengi wanaisoma nusu nusu.

Kazi zipo? Zipo, lakini nimekuahidi sitakuficha. Halmashauri zina maafisa lishe, hospitali zinahitaji wa kupanga mlo wa wagonjwa wa kisukari na figo, viwanda vya vyakula vinahitaji watu wa ubora, mashirika yanayofanya kazi na mama na mtoto huajiri, na ualimu upo, hasa sasa ambapo mtaala mpya umeweka mkondo wa amali kwenye sekondari. Ila ajira za serikali hutangazwa chache na waombaji ni wengi, na wapo waliohitimu lishe wanaosubiri mpaka leo. Wapo pia madaktari wanaosubiri, jambo ambalo wazazi wa PCB hawapendi kulisikia. Tofauti ni kwamba aliyesoma chakula na mlaji ana kitu cha kufanya huku akisubiri, na binti yako ana mashine ya alizeti kwa baba yake. Mashudu unayouza kwa wafugaji, mafuta unayouza kwa dumu, lebo ambayo huna: nikiwa mimi ningeona hapo kuna ajira kabla ya kufungua tovuti yoyote ya ajira.

Kuhusu mdogo wako, mwache acheke. Umwambie tu kwamba kusonga ugali hakumo kwenye mtihani wa kidato cha sita. Na kama ana mtoto wa kiume anayependa Biolojia, amwonyeshe hiyo CBN. Haijaandikwa popote kwamba ni ya wasichana.

Linalonipa wasiwasi ni namna alivyobadilisha kimya kimya kwa simu ya mama yake. Mtoto wa daraja la kwanza aliogopa kumwambia baba yake anachotaka kusoma. Usiligeuze hilo kuwa kesi, wala usimtafute mchawi kwa mkeo. Ila mtakapokaa, mpe nafasi ya kumaliza sentensi zake kabla hujamjibu, na mkeo awepo.

Baada ya hapo, geuza wasiwasi wako uelekee mahali unapostahili, yaani ile shule aliyopangiwa. Wazazi wengi hubishana kuhusu tahasusi mwezi mzima wasiulize kama mwalimu yupo. Piga simu shuleni kabla ya siku ya kuripoti. Uliza mwalimu wa Lishe wa kidato cha tano ni wa kudumu au wa kujitolea. Uliza kama kuna jiko la mafunzo na maabara ya kemia yenye dawa, na kama vifaa vya vitendo wanatoa wao au mzazi. Angalia kwenye matokeo ya NECTA waliotangulia walipata nini kwenye somo hilo, miaka miwili mitatu nyuma. Wakikujibu kwamba mwalimu hayupo na "anatarajiwa", hapo ndipo useme unamhamisha, na utafute shule nyingine yenye CBN. Ile ya binafsi yenye PCB waambie asante, nafasi wampe mwingine.